Kundalini yoga ya kuacha tabia: nianze na kriya ipi, na siku 40 zinahesabiwaje?

MenengaiMashariki (Nakuru)
Hamjambo wote. Nataka kuanza Kundalini, yoga ya pumzi, mikao na maneno ya kurudiarudia, nyumbani, Lanet, ili niache mambo mawili: sigara ya baada ya chakula cha jioni, na simu kitandani hadi saa saba usiku. Kila mahali naambiwa siku 40, lakini kriya, yaani mazoezi yenyewe yaliyopangwa, ni nyingi, mara dakika 3, mara 31. Anayeanza ashike ipi? Alfajiri au jioni? Nikikosa siku moja ndiyo narudi mwanzo? Na mbona pumzi ya moto, ile ya kuhema haraka, dakika moja tu, vidole vinaingia ganzi na kichwa kinakuwa chepesi?

Kajulu_Juu (Kisumu)
Tuanze na ganzi, maana hiyo ndiyo itakufukuza mkekani kabla ya wiki kwisha. Unatoa hewa nyingi mno, kabonidioksidi inashuka kwenye damu, mishipa ya kichwani inabana. Pumzi ya moto ni ndogo, ya puani, kuvuta na kutoa sawasawa, mara 2 au 3 kwa sekunde. Weka kiganja kitovuni: hewa ikitoka tumbo liingie, hewa ikiingia tumbo litoke. Wengi hufanya kinyume bila kujua, hasa waliozoea kubana tumbo. Mabega yakianza kurukaruka, umeshapotea. Fungua mdomo, toa ulimi, hema kama mbwa wa soko la Kibuye saa nane mchana. Tumbo likishika mdundo, funga mdomo na uendelee vilevile. Sekunde 30, pumzika, rudia mara 3. Dakika nzima ingoje wiki ya pili. Mjamzito, aliye hedhini, mwenye presha ya juu au kifafa asiifanye.

Kriya chagua moja tu. Kwa sigara, ishike ile tafakuri ya magego. Kaa umekunja miguu, mgongo wima, kidevu kimerudi nyuma kidogo. Kunja ngumi, dole gumba likiwa nje, kisha weka madole gumba kwenye panja, kile kishimo kando ya jicho. Midomo imefungwa, magego yamekutana. Bana magego, legeza, bana, legeza, bila meno kuachana. Utasikia msuli ukicheza chini ya dole gumba. Usipousikia, sogeza dole nusu inchi. Macho yamefumbwa, yanaelekea katikati ya nyusi, na kila unapobana unasema kimoyomoyo silabi moja: Saa, Taa, Naa, Maa. Dakika 5 hadi 7. Kufika 20, kisha 31, ni safari ya miezi. Kosa la kila mtu ni kuuma kwa hasira. Kesho yake taya linauma na lawama zinaenda kwa yoga.

mkeka_na_blanketi (Njoro)
Naongeza kuhusu saa. Mafundisho husema uanze muda wa saa mbili na nusu kabla ya jua kuchomoza, yaani kwetu karibu saa kumi alfajiri. Kwa mtu anayelala saa saba hiyo ni adhabu, ataacha siku ya nne. Fanya pale tabia inapokujia.

Ila ugali tumboni haukubaliani na pumzi ya moto wala kriya inayopiga kitovu. Zinataka zipite saa 2 au 3 baada ya kula. Kwa hiyo ligawe zoezi. Kabla ya chakula, dakika 5: kaa umekunja miguu, shika vifundo vya miguu, vuta pumzi ukisukuma kifua mbele, toa ukipinda mgongo nyuma, kichwa kisitikisike. Halafu zile sekunde 30 za pumzi ya moto, mara 3. Magego hayasukumi tumbo, kwa hiyo yafanye mara tu vyombo vinapotolewa mezani, dakika ileile ambayo mkono ungetafuta kiberiti.

Saruji ya Nakuru ni baridi. Tandika mkeka, kunja blanketi mara nne na ukalie ukingo wake, magoti yawe chini kuliko nyonga. Bila hivyo mgongo unapinda na miguu inakufa ganzi. Kiti pia kinafaa, nyayo zote zikigusa sakafu. Simu ichajiwe jikoni. Nunua saa ya kengele.

Dunga_Alfajiri (Kisumu)
Hizo siku 40 ni hesabu ya Yogi Bhajan, aliyeanza kufundisha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960: 40 kuvunja tabia, 90 kujenga mpya, 120 kuithibitisha, 1000 kuimiliki. Kanuni yake ni kwamba ukikosa siku moja unaanza upya. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, ulikuta tabia mpya ikizoeleka kwa wastani wa siku 66, kuanzia 18 hadi 254, na siku moja iliyokosekana haikuharibu kitu. Mimi naona hivi: ukiwa mtu wa kutafuta visingizio, shika kanuni kali. Ukiwa mtu wa kukata tamaa, weka alama kwenye kalenda na uendelee.

Huyo mwalimu mwenyewe, uchunguzi ulioagizwa na jumuiya yake ulisema mwaka 2020 kwamba tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi yake zina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Chukua zoezi, si lazima umchukue mtu.

Na kwa watu wa kanisa: maneno ya kufungua zoezi, *Ong Namo Guru Dev Namo* mara 3, ni maneno ya kusujudu. Usidanganywe kuwa ni sauti tupu. Asiyeridhika ahesabu moja hadi nne badala ya zile silabi za Saa, Taa, Naa, Maa. Wakereketwa watasema hiyo si Kundalini tena, lakini taya litafanya kazi yake.

Anayekunywa pombe kila siku asiache ghafla kwa kutegemea kriya. Kutetemeka na degedege vinavyofuata vinaweza kuua. Aone daktari kwanza.

MenengaiMashariki (Nakuru)
Asanteni sana. Gego la chini kushoto limetoboka na linauma nikiuma kitu. Nifanye upande mmoja?

Kajulu_Juu (Kisumu)
Hapana, nenda lizibwe kwanza. Kwa sasa ziba pua ya kulia kwa dole gumba la kulia, vuta na kutoa polepole kwa pua ya kushoto, pumzi 8 kwa dakika au pungufu, dakika 5. Hiyo ifanye kitandani pia, simu ikiwa jikoni.