Je, adapta pekee inatosha kwa draya na pasi ya nywele nikiwa Marekani?

Nywele Nzito aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi ujao nitasafiri kwenda Marekani kwa majuma matatu, na nimekusudia kubeba vifaa viwili ambavyo siwezi kukaa bila kuvitumia: draya ya wati 2000 na pasi ya nywele ya kauri, vyote nikiwa nimevitumia siku zote kwenye umeme wa volti 240. Rafiki yangu ananiambia kwamba nikinunua adapta ya kubadilisha miguu ya plagi nitakuwa nimemaliza kazi, ilhali dada yangu anashikilia kuwa nitaunguza hoteli nzima. Naomba anayeuelewa umeme anisaidie kabla sijafunga begi.

Fundi Volti alijibu:

Dada, wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Adapta haigusi volti hata kidogo. Huiwezesha tu plagi kuingia kwenye soketi ya umbo jingine, na umeme unaopita ni uleule uliomo ukutani. Marekani hutumia volti 120, hezi 60. Draya yako ikipata nusu ya volti haitatoa nusu ya joto bali robo, kwa kuwa nguvu ya waya wa joto hupungua kwa mraba wa volti. Wati 2000 zitashuka hadi takriban 500, feni itazunguka kwa uvivu, nawe utakaa saa nzima ukipuliziwa upepo wa uvuguvugu. Hapo hakuna moto, kuna kero tu.

Hofu ya dada yako ingekuwa na msingi kama ungefanya kinyume, yaani ungenunua draya huko na kurudi nayo. Draya ya wati 1200 iliyotengenezwa kwa volti 120 ikichomekwa kwenye volti 240 huvuta karibu wati 4800. Niliwahi kuletewa moja ya aina hiyo. Mwenyewe alieleza kuwa feni ilipiga kelele kali, waya ukawaka mwekundu kama kaa, kisha ikanyamaza. Nilipoifungua nilikuta plastiki ya mdomoni imeyeyuka na kugandia juu ya panga za feni.

Kuhusu pasi, soma maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe, wala usiyategemee ya kwenye boksi. Ukikuta "100–240V, 50/60Hz", adapta inatosha. Ukikuta "220–240V" pekee, iache.

Begi Jepesi alijibu:

Naongezea kuhusu vile vibadilisha volti vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri, kwa sababu nililipia somo hilo. Vingi vya vile vinavyodai kubeba wati nyingi vimetengenezwa kwa vifaa vyenye waya wa joto wa kawaida, na umeme vinavyoutoa umekatwakatwa kiasi kwamba haufai kwa pasi yenye saketi ya kupima joto. Pasi yangu ilipepesa taa mara mbili tatu, haikuwaka tena. Transfoma halisi ya kuhimili wati 2000 nayo ni chuma cha kilo nyingi, na sioni msafiri mwenye akili timamu akiibeba. Afadhali utumie draya ya hotelini.

Ukiona bafuni soketi iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ya kunyolea, usichomeke kifaa chochote cha joto, kwani imewekewa transfoma ndogo mno. Na iwapo utabeba pasi isiyo na waya, yenye betri ya lithiamu au gesi, iweke kwenye begi la mkononi na si lile linaloingia tumboni mwa ndege, baada ya kuliuliza shirika lako la ndege, maana masharti yao hutofautiana.

Nywele Nzito aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeimulika pasi kwa tochi ya simu, na karibu na shina la waya, kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, imeandikwa "100–240V", kwa hiyo itasafiri. Draya imeandikwa "220–240V", itabaki nyumbani. Sasa dada yangu amenitolea draya yake ndogo ya safari, ambayo ina kitufe cha duara chenye mfereji katikati, upande mmoja 125 na mwingine 250. Je, hiyo inafaa?

Fundi Volti alijibu:

Inafaa, ila haijirekebishi yenyewe. Ukifika, kabla ya kuichomeka, kizungushe kitufe kwa sarafu hadi kwenye 125, na uhakikishe kimefika mwisho, kisikae katikati. Wengi hukumbuka kufanya hivyo wanapokwenda. Wanaporudi ndipo husahau kukirudisha kwenye 250, na draya huungua siku ya kwanza nyumbani. Andika "250" kwenye kipande cha karatasi, kisha kigundishe kwenye plagi siku utakayofunga begi la kurudi.