Vakyumu za zamani Moshi na Arusha: mnazipata wapi kabla hazijaenda skrepa?

MtotoWaRau (Moshi)

Habari zenu wakuu. Kuna kitu kinaniuma wiki ya pili sasa nimeona nikilete hapa labda nitapata wenzangu. Mimi napenda vakyumu za zamani, zile mashine za kufyonza vumbi za enzi za babu zetu, sio hizi za plastiki za juzi. Chanzo ni bibi yangu. Alifanya kazi za ndani kwa meneja wa shamba la kahawa huku juu mlimani, na tukiwa wadogo alikuwa anatuhadithia mashine ya duara kama mpira, haina tairi hata moja, ukiiwasha inajinyanyua yenyewe unaivuta kwa kidole. Sisi tulijua bibi anatunga. Nimekuja kuiona picha ukubwani kumbe ni Hoover Constellation ya miaka ya 1950, ile hewa inayotoka inapulizwa chini ya tumbo lake ndio inaifanya ielee juu ya zulia. Bibi alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa Jumamosi ya juzijuzi napita zangu soko la Kiboriloni, jamaa katandika turubai ana pasi mbovu, redio, feni, na katikati naiona ile ile, imefifia rangi, ina mkwaruzo ubavuni ila mzima mzima. Kaanzia elfu 60, mi nikaanzia 35, tukafika 50, mfukoni nina 40. Nikakimbia kwa wakala kutoa hela nikakuta foleni, narudi dakika kama arobaini hivi haipo. Kijana wa skrepa kapita na mkokoteni kabeba vyote kwa mkupuo. Nikamfuata mpaka kwenye mizani aisee nakuta washapiga nyundo, mota imeshachomolewa ili watoe kopa, gamba limepasuka vipande viwili kama kifuu cha nazi. Sijamwambia bibi mpaka leo.

Kwa hiyo naomba mnisaidie, kwa huku kwetu hizi kitu mnazisaka wapi? Na nikiikuta nikague nini kabla ya kulipa, maana muuzaji yeyote atakwambia inawaka.

Chalii_Sakina

Pole sana kaka, hiyo inauma. Wale wa mizani kwao chuma ni kilo tu, na magamba ya alumini ndio kabisa yanayeyushwa yanakuwa sufuria. Kuna sufuria mjini hapa zilikuwa vakyumu, nakwambia.

Kwa Arusha mi nazungukaga soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, asubuhi sana kabla hawajamaliza kutandika, halafu maduka ya used yale yanayofungua mizigo ya Uingereza, lakini dukani ni bahati maana vingi ni vya juzi. Moshi kwenu jaribu soko la Memorial, usiishie kwenye nguo pita mpaka kwa wanaouza vyombo. Mwezi wa sita na wa saba ndio msimu wenyewe, shule za wazungu zinafunga mwaka na familia zinahama, wanauza vitu vya nyumba nzima, angalia mbao za matangazo za supamaketi.

La umeme nakusihi uwe makini, mi limenigharimu. Nilipata Kirby, ya Kimarekani, zito, alumini inang'aa kama kioo, nililipa elfu 70 nikafika nalo nyumbani kwa furaha nikachomeka moja kwa moja. Lililia sekunde tatu hivi kwa sauti sijawahi kuisikia, kisha harufu ya vanishi ya waya, kisha moshi. Kibati chini kimeandikwa 120V kabisa na mimi sikukigeuza kukisoma. Umeme wetu ni 230, maana yake niliipa mashine umeme karibu mara mbili ya unaotakiwa. Mpaka leo lipo kabatini, nimekosa moyo wa kulitupa.

kaka_mbauda

Samahani wakuu sio kwa ubaya, ila nyumba zetu ni saruji na vigae, fagio na deki vinatosha, hizi mashine mnazifanyia nini?

MamaNjiro

@kaka_mbauda mwanangu, wengine tuna mazulia, na kanisani kwetu kuna zulia kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Mi nafanyia kazi Electrolux ya chuma ile ya mtungi inayoteleza kwa miguu kama ya sleji (kile chombo cha kuteleza kwenye theluji), umbo ambalo wale Waswidi walilianza na Model V yao mwaka 1921, na inafyonza mpaka kesho. Lakini hata kama ingekuwa haifanyi kazi ningeiweka. Mtu alikaa akafikiria kila kona ya kile chuma. Unafungua klipu inalia *tak*, unafunga inalia *tak*, hakuna kulegea, na ina umri kunizidi.

Sasa wewe wa Rau, nikupe njia yangu kwa sababu kwenye turubai utachelewa daima. Hizi mashine nyingi hazijawahi kufika sokoni. Zililetwa na walowezi, wamisionari, mameneja wa mashamba, na walipoondoka mizigo mizito hawakubeba, walimwachia dada wa kazi, mpishi, au mlinzi. Yule dada akaenda nayo kijijini, umeme hakuna, zulia hakuna, ikaingia chini ya kitanda. Iko huko mpaka leo. Inatoka siku ya msiba, wajukuu wanasafisha nyumba, wanamwita mtu wa skrepa. Hiyo yako ya Kiboriloni naamini ilipita njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo usitafute mashine, tafuta watu. Bibi yako yupo hai? Mkalishe chini muulize alifanya kazi na kina nani, yule mpishi alikuwa wa wapi, yule wa bustani watoto wake wako wapi. Nenda uamkie vizuri, kaa, kunywa chai, usianze na bei. Na sikubaliani na wewe kwenye habari ya kubana sana bei, mtu akitaja 50 na wewe unajua utaipenda miaka yote, lipa. Tena acha namba kwa vijana wa mizani, waambie kila vakyumu itakayokuja unaongeza juu ya bei ya kilo. Mi nimeokoa mbili hivyo, moja ilikuwa Nilfisk ya Denmaki ilishapangwa kwenye foleni ya nyundo.

Mifuko isikusumbue. Nunua kitambaa cha marekani, ndani weka flana, mpe fundi cherehani mfuko wa zamani kama sampuli ashone mshono mara mbili. Ila ule wa zamani ufungulie nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na uvae barakoa, panya wanapenda sana kuzalia humo.

Fundi_UngaLtd

Nimesoma wote. Mi ni fundi wa mota miaka 30 sasa, nirudi kwenye swali la kijana la kukagua maana hapo ndio watu wanaumia.

Kwanza usikubali muuzaji akuwashie. Mashine imelala miaka 40, mpira wa waya umekauka unapasuka kama ganda la mkate, grisi imekuwa gundi. Uiwashe hivyo hivyo unaweza kuiua siku ile ile ambayo ingepona. Wewe geuza usome kibati. Ya Uingereza ni rafiki, volti zinaingiliana na zetu na hata plagi yetu ni ile ile ya kwao. Ya Marekani isikutishe, mota hizi ni za kaboni (vile vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme), hazijali hezi 50 wala 60, zinajali volti tu. Tafuta transfoma ya kushusha mpaka 110 yenye wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye kibati, basi. Chalii ile Kirby yako usiitupe, niletee niione, inawezekana kilichoungua ni "ama" peke yake (armature, ile sehemu ya mota yenye waya inayozunguka) na hiyo inasukwa upya.

Pili zungusha feni au brashi kwa mkono. Ikizunguka laini bei yake ni nzuri. Ikikwaruza ni beringi, na mota nyingi zinatumia beringi ya namba 608 ambayo ipo kila duka la spea. Ikigoma kabisa usikate tamaa, matone ya oili na subira. Chungulia kaboni, zikiwa fupi nachukua za grainda naziparua kwa msasa mpaka ziteleze kwenye nyumba yake. Mkanda wa brashi ukikosekana, kata pete ya tyubu ya baiskeli ikupe muda wakati unatafuta wenyewe.

Tatu, na hili naomba mlisome mara mbili, rangi za waya. Za Kiingereza za zamani nyekundu ni laivu (unaoleta umeme), nyeusi nyutro (wa kurudisha), kijani ethi (wa usalama unaoenda ardhini). Huku Moshi na Machame Wajerumani walikuwepo muda mrefu, unaweza kukutana na Vorwerk Kobold, ile ya fimbo, walianza kuitengeneza 1930. Sasa kwenye waya za Kijerumani za kabla ya katikati ya miaka ya 60 NYEKUNDU NDIO ETHI. Fundi akiuona mwekundu anaupeleka kwenye laivu bila kufikiri, na gamba lote la chuma linakuwa na umeme, mama anashika anaondoka. Usiamini rangi, fungua, fuata waya mpaka unapoishia. Pima kwa mita kati ya pini za laivu na nyutro za plagi na gamba, isisome kitu kabisa.

Ukimaliza hayo, mara ya kwanza usiichomeke peke yake. Mi naiunga mfululizo na pasi ya nguo ya wati elfu moja, yaani umeme upite kwenye pasi kwanza ndio ufike kwenye mashine. Kama kuna shoti pasi inapata moto tu, hakuna kinacholipuka. Kama ni nzima mota inaanza kuzunguka taratibu kama mtu anayeamka. Na fyuzi ya plagi weka ya 3, mashine ya wati 400 haivuti hata ampea 2, ukiiacha na ya 13 waya utaungua kabla ya fyuzi.

MtotoWaRau (Moshi)

Shikamoo mzee @Fundi_UngaLtd, na wewe mama @MamaNjiro shikamoo. Narudi na habari.

Nilimkalisha bibi Jumapili baada ya ibada nikamwambia ukweli wa ile ya Kiboriloni. Alinyamaza kidogo, halafu akasema mbona Kibosho kuna mwenzangu tulifua naye, yeye alipewa ya kusimama. Tukapanda wote kesho yake. Yule bibi aliachiwa 1973 wakati mashamba ya kahawa ya walowezi yanataifishwa, mwajiri wake alifunga virago akamwambia chukua hii. Ipo chini ya kitanda ndani ya gunia la kahawa, imefungwa na kamba ya katani. Hoover Junior, kibati kinasomeka vizuri Perivale (kile kiwanda cha Hoover cha London), 240V. Hajawahi kuiwasha kwake hata siku moja ila kila Krismasi aliitoa akaipangusa. Sikutaja bei. Walikaa wale wawili wanashikilia mpini wanacheka na kuulizana habari za watu ambao mimi siwajui, saa tatu nzima. Mwisho akasema mpe mjukuu wako atengeneze, ila ikilia uniletee niisikie. Nimempa elfu 40 na doti ya kitenge, hela alikataa mpaka bibi alipomkazia.

Nimefungulia mfuko nje kama ulivyoelekeza mama. Vumbi jekundu la zamani, nywele, pini, na sumni ya 1966 ile yenye sungura. Nikafungua chini kuangalia feni nikakuta panga moja limemegeka ncha, size ya kucha. Nahisi ni hiyo sumni maana kwa hii Junior uchafu unapita kwenye feni kwanza ndio uende mfukoni. Inazunguka laini kwa mkono haikwaruzi. Mzee naweza kuiwasha na pasi kama ulivyosema au panga lile litaleta shida?

Fundi_UngaLtd

Marahaba. Usiiwashe kwanza. Ikizunguka kwa kasi panga moja likiwa jepesi inapiga kelele na kula beringi. Linapunguzwa kidogo kidogo kwa tupa panga la upande wa pili mpaka feni ikae sawa, ni kazi ya nusu saa. Njoo nayo Jumanne na feni uiache hapo hapo kwenye shafti, usiichomoe.