Naomba ushauri: kostiki soda kwenye sabuni ya mche

MamaNeema_Uyole: Habari za jioni wadau. Tuko akina mama wachache hapa Uyole, tunataka kutengeneza sabuni ya mche kwa mawese ya Kyela. Mama mkwe kakataa katakata: kitu kinachozibua masinki kisifulie nguo za mjukuu wake, tutumie magadi. Kweli kostiki inabaki kwenye sabuni? Na kilo moja ya mawese inataka kiasi gani?

Fundi_Soweto: Dada, mama ana haki ya kuogopa, ila magadi hayana nguvu ya kuyageuza mawese yakawa mche mgumu. Kostiki yenyewe inatokana na chumvi. Kiwandani wanapitisha umeme kwenye maji ya chumvi: upande mmoja inatoka klorini, hiyo hiyo ya kutibu maji ya bomba, upande wa pili haidrojeni na kostiki. Ikikutana na mafuta vyote viwili vinageuka, unapata sabuni na gliserini. Ukipima vizuri haibaki.

Kilo 1 ya mawese inamalizwa na takriban gramu 141. Weka 134, mafuta yazidi kidogo, ndiyo kinga ya ngozi. Maji gramu 300. Tumia mizani, achana kabisa na vikombe. Na sufuria ya alumini usiiguse, kostiki inaila huku inatoa povu la haidrojeni. Ndoo ngumu ya plastiki inatosha.

Nesi_Iringa: Jamani, kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu yake yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Usitie ndimu wala siki. Nawasihi pia, msiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.

MamaNeema_Uyole: Asanteni sana. Mwanjelwa kuna duka wanapima kutoka kwenye gunia lililo wazi, ninunue?

Fundi_Soweto: Hapana. Inavuta unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, taratibu inageuka kaboneti, na vipimo vyako vyote vinaharibika. Tafuta iliyofungwa, chenga kavu zinazoachana. Mwezi wa sita na wa saba mawese yanaganda kwa baridi yetu, yayeyushe kwanza. Ukishakata miche, ianike kivulini wiki nne ndipo uiuze.