Nahamia Mbeya: kwanini airport iko kule Songwe, na nije na ndege au basi?

Mtoto wa Mbagala:
Wakuu habari za mchana. Nimepata kibarua Uyole, naripoti mwezi ujao, na tangu nizaliwe sijawahi kuvuka Iringa. Naangalia tiketi ya ndege naona imeandikwa Songwe, nikamuuliza jamaa akaniambia Songwe ni mkoa mwingine kabisa, mambo ya Tunduma na Vwawa huko. Sasa mtu anayeenda Mbeya anashushwaje mkoa wa watu? Halafu jiji lenyewe likoje, maana nasikia baridi tu na mchele. Mwenye kujua anipe na historia kidogo nisije nikaonekana mshamba ofisini.

bajaji_ya_mafiati:
Ugonile mkuu, karibu sana. Jamaa yako kakuchanganya. Uwanja upo Mbeya hii hii, wilaya ya Mbeya vijijini, umeitwa Songwe kwa sababu ndo jina la eneo lenyewe, kule kwenye kiwanda cha saruji. Mkoa wa Songwe umezaliwa 2016 ukamegwa kutoka kwetu, uwanja umeanza kutumika mwishoni mwa 2012, kwahiyo uwanja ndo mkubwa kiumri kuliko mkoa, mkoa umekuja nyuma. Ukitoka pale unapita Mbalizi, Iyunga, Mafiati hapo unaniona, ndo unasonga Mwanjelwa mpaka Uyole. Shida kila kitu kinapita barabara moja hiyo hiyo, malori ya Zambia na Kongo, daladala, sisi bajaji, na wanafunzi wanavuka. Wanapanua njia nne kutoka Nsalaga mpaka airport, kilomita kama 29, kwahiyo na vumbi lipo. Kutoka airport mpaka Uyole usipange kikao cha saa ileile.

Mzee wa Loleza:
Kijana umeuliza historia ngoja nikupe, maana watu wengi hata wa hapa hapa hawaijui. Mjerumani boma lake aliweka Tukuyu, huku Mbeya hakuona cha maana. Mji huu umeanza 1927 wakati wa Mwingereza, sababu ni dhahabu ya Lupa kule Chunya, watu walimiminika na makarai yao na Mbeya ikawa mahali pa kununua chumvi, kulala na kutuma barua.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways la Waingereza lilifungua njia ya ndege ya London mpaka Cape Town. Zilikuwa zinarukaruka kama panzi, kutua, kutia mafuta, abiria wanalala, kesho tena, safari nzima siku kama kumi na moja hivi. Kwa upande wetu zilitua Moshi, Dodoma, halafu MBEYA, ndo zinaingia Zambia, Mpika na Broken Hill ambayo leo ni Kabwe (siyo hii Kabwe yetu ya Mwanjelwa jamani). Dar es Salaam haikuwepo kwenye hiyo njia. Yaani mzungu wa Lupa alikuwa anapanda ndege hapa mpaka London wakati wa Dar anasubiri meli. Mwaka 1937 wakaleta ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani, Mombasa, Dar, Lindi, na sisi ziwa Nyasa lipo kule Kyela halikutusaidia kitu. Ndo tukabaki na kiwanja chetu kidogo pale mjini kimebanwa na nyumba na milima, miaka nenda rudi, mpaka Songwe ilipokamilika baada ya kusuasua sana.

Mtoto wa Mbagala:
Duh mzee shikamoo. Hiyo ya Dar kutokuwepo nimeipenda, naenda kuwachokoza nayo nyumbani.

mama_parachichi:
Mzee yuko sahihi ila asimdanganye mtoto wa watu akadhani Mbeya inaendeshwa na ndege. Mbeya inaendeshwa na tairi na reli. TAZARA ilikamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ile ndo ilitufanya tuwe mji wa maana, pamoja na lami ya Tunduma. Njoo Uyole asubuhi saa kumi na moja uone, gunia za viazi kutoka Uporoto zimefungwa lumbesa mpaka zinakaribia kupasuka, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na wa Mbarali ambao nao watu wa Dar wanauita wa Kyela huohuo 😂. Mimi nafanya parachichi, zangu zinaondoka na lori lenye ubaridi kwenda bandarini, sijawahi kupandisha hata katoni moja kwenye ndege, gharama yake unauza tunda au unauza shamba? Jiji lina watu 541,603 kwa sensa ya 2022, na karibu kila mtu anauza kitu.

bajaji_ya_mafiati:
@mama_parachichi mama shikamoo, hapo kwenye lumbesa umenikumbusha mgongo unauma.

Msafiri_wa_kila_wiki:
Kuhusu ndege au basi: mimi napanda sana. Ndege ni kama saa moja na nusu, basi ni siku nzima au usiku mzima, Mikumi, Kitonga, Makambako mpaka unachoka kuona alizeti. Ila ukungu wa Songwe usiuchukulie poa, hasa kipindi cha mvua asubuhi. Mwaka jana mwezi wa pili tumezunguka juu kama dakika arobaini, chini unaona pamba tupu, mama mmoja pembeni yangu anasali rozari, rubani akatangaza tunarudi Dar. Nikala mihogo Kipawa saa nne asubuhi wakati kikao changu kipo Soweto ya Mbeya. Kata ya mchana kama ipo.

Mtoto wa Mbagala:
Basi nakuja na ndege ya mchana, godoro na vyombo vinatangulia na lori la viazi linalorudi tupu. Mama parachichi kama una dereva unayemwamini nicheki inbox. Na koti nibebe au yapo Mwanjelwa?

mama_parachichi:
Yapo, mtumba wa grade A. Usinunue ya kwanza utakayoonyeshwa.