Waliowahi kung'oa sila ya zamani ndani ya tangi la pikipiki, tupeane uzoefu

Mwana wa Mamboleo
Leo asubuhi nimefungua kabureta ya DT125 ya marehemu baba mara ya nne tangu Krismasi. Kwenye bakuli vipande ni vile vile: vyeupe, vyembamba, kama utando wa maziwa yaliyochemka ukakauka. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, imeziba tena. Nimemulika tangi kwa tochi ya simu. Upande wa kushoto sila, ule utando wa ndani wa kuzuia kuvuja, imebabuka inaning'inia, wa kulia imeng'ang'ania kama rangi ya ukuta. Baba alimiminiwa hiyo sila hapa Kisumu nikiwa darasa la tano, tangi lilipoanza kuvuja. Kulitupa sitaki. Aliyewahi kuitoa kwa mikono yake aniambie alifanyaje.

Fundi Kaptembwo
Pole sana. Hayo maganda nayajua. Unasafisha leo, kesho unasukuma pikipiki kutoka Njoro.

Nyanya wa CG
Mulembe. Umenikumbusha CG125 ya mume wangu, tuko Kakamega. Kwanza chokonoa kipande, kitie kwenye chupa ya glasi yenye asetoni, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, funga, lala. Asubuhi ukikuta kimelegea kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto, una bahati, asetoni itakutoshea. Ukikikuta kigumu vile vile, basi hiyo ni epoksi, gundi ngumu, na safari yako ni ndefu.

Sila yangu ililegea. Nilitoa koki ya petroli, nikaziba tundu lake kwa kipande cha bati na mpira wa tyubu ya baiskeli katikati, nikakaza na boliti zake. Lita mbili za asetoni, siku mbili, nikiligeuza kila nikipita: leo limelalia ubavu huu, jioni ubavu ule. Tangi la pikipiki lina mbavu mbili zinazoning'inia pande zote za fremu, na uchafu wote unajificha humo. Siku ya tatu nikaingiza waya niliopinda ncha, nikavuta. Ilitoka kwa vipande vikubwa kama kiganja. Nililia, sioni haya kusema.

Kosa langu ni moja. Asetoni ilidondoka nje ya shingo ya tangi, ikala rangi nyekundu ya kiwandani hadi kwenye bati. Paka grisi kuzunguka shingo kabla hujaanza.

Omera 78
Nyanya amesema yote. Ongeza nati ishirini ndani, utikise.

Fundi Kaptembwo
Nati hapana. Cheni ya zamani ya pikipiki, uifunge waya mwisho mmoja uweze kuivuta. Niliwahi kutia nati 20 zikatoka 19. Hiyo moja ilinichukua siku nzima na sumaku ya spika.

Mkulima wa Ahero
Mimi nilitumia kokoto za mtoni, kazi ikaisha.

Fundi Kaptembwo
Mkulima, kokoto zinavunjika zinaacha mchanga, na mchanga unashuka moja kwa moja kwenye kabureta. Tafadhali usimpoteze mwenzetu.

Mkulima wa Ahero
Sijampoteza mtu. Yangu inatembea mpaka leo.

Mzee wa Bantam
Sila haibabuki kwa uzee tu, ethanoli, ile pombe ya kuchanganya na petroli, mmeisahau. Miaka ya 1980 petroli ya Kenya ilichanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni. Ethanoli inavuta maji, na sila nyingi za zamani haziivumilii.

Omera 78
Mzee, Muhoroni ilitengeneza, lakini mchanganyiko wenyewe ulikwenda Nairobi. Sisi huku tulinusa molasi tu.

Mzee wa Bantam
BSA yangu ilikuwa Nairobi wakati huo, kijana. Nilirudi nayo nilipostaafu.

Mukhwasi wa Webuye
Naomba msome hili kabla mtu hajagusa tangi lake.

Ni mwaka 2009. Kaka yangu mkubwa alikuwa na Honda XL, na sila yake ilikuwa kama ya mwenzetu, nusu imebabuka nusu imeshika. Fundi mmoja akamwambia tusipoteze pesa kwa dawa, tulipashe tangi kwa nje na taa ya gesi, ngozi itaanguka yenyewe. Tangi lilikuwa limekaa siku tatu juani bila mfuniko wala koki. Tuliweka pua, hatukusikia harufu. Tukaamini limekauka.

Halikuwa limekauka. Petroli ilikuwa imejificha chini ya sila, pale ilipoachana na chuma. Moto ulipogusa, mvuke wote ukatoka kwa pamoja.

Nilikuwa hatua kama kumi hivi, nimebeba karai la maji. Sikuona mwali. Niliona tangi likibadilika umbo: pale lilipoingia ndani ili magoti yabane, pakavimba kwa mara moja kama andazi kwenye mafuta. Mlio nadhani niliusikia baadaye. Kaka alikuwa amesimama mikono mbele, ngozi ya mikono imejikunja hadi karibu na viwiko, nyusi hana, na alikuwa ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtoto wake ameshatoka shule. Wiki sita hospitalini. Vidole viwili vya kushoto havinyooki hadi leo.

Asetoni pia ni petroli tu kwa tabia. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na jiko, mbali na sigara.

Nyanya wa CG
Ee Mungu. Kaka anaendeleaje?

Omera 78
Na fundi huyo alilipa chochote?

Mukhwasi wa Webuye
Hakulipa. Aliungua kifua yeye mwenyewe, hatukumdai. Kaka yuko salama. Bado anaendesha, lakini mafuta anajaziwa na mwanawe.

Mkulima wa Ahero
Nimesoma mara mbili. Pole sana, ndugu.

Dereva wa Nakuru
Kwa wale wa epoksi: stripa, dawa ya kubabua rangi, yenye methilini kloridi inaila, lakini mvuke wake mwilini unageuka kaboni monoksidi. Usiifungue ndani ya chumba hata dakika moja. Baada ya sila utakuta kutu. Asidi ya betri inasafisha haraka.

Fundi Kaptembwo
Inasafisha haraka na inatoboa haraka. Siki, siku moja au mbili. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi yale ya kupikia mboga ili kuua asidi, kausha papo hapo. Ukichelewa dakika chache tu utaona rangi ya chungwa imerudi. DT ni tu-stroki, injini inayounguza oili pamoja na petroli, kwa hiyo zungusha oili yake kidogo ndani, haitadhuru.

Mzee wa Bantam
Halafu miminia sila mpya.

Fundi Kaptembwo
Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Chuma kizima hakihitaji sila. Kikitoboka, ziba tundu.

Mwana wa Mamboleo
Wazee, nimerudi. Yangu ilikuwa ya kulegea. Lita tatu za asetoni, siku tatu, nje chini ya mwembe. Upande wa kulia ulitoka wote kwa kipande kimoja, nikaukunjua kwenye gazeti, ukawa na umbo la ubavu wa tangi kabisa. Jana usiku nilizima taa nikaingiza tochi ndani. Vitundu viwili chini, karibu na koki, vidogo kama ncha ya sindano. Hapo ndipo lilipokuwa likivujia baba. Nichomelee au nizibe kwa risasi ya kuyeyusha?

Mukhwasi wa Webuye
Risasi. Chuma cha kuchomea kipashwe mbali, kiletwe kimeshapata moto, kusiwe na mwali wowote karibu. Lipindue vitundu viwe juu, jaza maji yafike chini yake kidogo tu. Usianze kabla ya Jumamosi. Nimeongea na kaka, tunapanda matatu ya asubuhi, anataka kuwepo.