WhatsApp ya shangazi imechukuliwa, na yeye ndiye mweka hazina wa kikoba. Tuanzie wapi?

kijana_wa_Kihesa:
Wakuu habarini. Naombeni ushauri wa haraka, matusi baadaye.

Shangazi yangu yuko Makambako, anauza vitenge sokoni, na ndiye anayeshika hela za kikoba cha akina mama. Jana jioni alipata meseji WhatsApp kutoka kwa mama mchungaji wake: "Bwana Yesu asifiwe dada. Kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, ni za usajili wa semina. Nirushie haraka, mfumo unafungwa." Akarusha, kumbe ni namba za kufungulia WhatsApp yake. Haikupita robo saa WhatsApp ikamtoa. Kumbe ya mama mchungaji ilikuwa imeshachukuliwa tangu asubuhi.

Sasa tapeli anaandika kwenye grupu la kikoba, picha ya shangazi ipo pale pale na kilemba chake: "Wapendwa, marejesho ya mwezi huu msitume kwangu, laini inasumbua. Tumeni kwenye hii." Wawili wameshatuma, mmoja laki na nusu. Wengine wameanza kunong'ona kwamba mweka hazina kala.

Nimejaribu kuifungua upya kwenye simu yake. Namba sita zimekuja, nimeziweka, halafu inadai namba ya siri ambayo hatujawahi kuiweka. Shangazi anataka kuivunja laini kabisa aachane nayo. Tufanyeje?

Fundi Mabibo:
Mkuu, usivunje laini! Laini ndiyo ushahidi wako kwamba namba ni yake, na hela zake zimo humo humo.

Hiyo namba ya siri ameiweka tapeli makusudi ili mkate tamaa. Lakini soma vizuri maandishi yaliyo chini yake. Ulipoingiza zile namba sita za SMS, yeye alitolewa pale pale, hata kama wewe hujaingia bado. Usipoijua namba ya siri unasubiri siku 7, ndipo utaingia bila kuulizwa. Maana yake sasa hivi akaunti haina mtu. Usibonyeze kuomba namba mpya kila dakika, utaongezewa muda wa kusubiri.

Na meseji zake za zamani tapeli hakuzipata, zile zinakaa kwenye simu. Anachopata ni magrupu na yanayoingia kuanzia pale alipoingia. Ndiyo maana anakimbilia magrupu.

Chai ya Rangi:
Robo saa tu kazi imeisha? Hawa jamaa wangepewa madirisha ya ofisi za umma foleni zingekwisha nchi nzima.

Mama Wakala Tabata:
Pole mwanangu. Mimi niko upande wa hela. Waliotuma wapige 100, huduma kwa wateja, wao wenyewe, kila mmoja kwa laini aliyotumia, wawe na meseji ya muamala mkononi. Wafanye leo, tena sasa. Hela ikiwa bado imo kwenye ile laini inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, hapo ni habari nyingine.

Jina lililotokea wakati wanatuma msilibebe kama jina la mwizi. Usajili wa alama za vidole ulianza 2019, na wako vijana wa mwavuli, wale wanaosajili laini barabarani, waliokuwa wanamwambia bibi "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Bibi yuko kijijini anapalilia mahindi, laini yake inatapeli watu mjini. Kila mtu hapa abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mteja wangu mmoja alikuta asiyoijua.

Halafu mnajiuliza majina wanayapata wapi. Njoo usimame kwenye kibanda changu mwisho wa mwezi. Mtu anataja namba yake kwa sauti watu sita wanasikia, na daftari liko wazi juu ya meza. Na hata bila daftari: ukianza kutuma hela kwa namba yoyote, jina la mwenyewe linatokea kabla hujathibitisha. Tapeli anaweka namba, anasoma jina, anakatisha. Hajatumia hata shilingi, tayari anakuita "mama Neema".

Mzee Mtulivu:
Mimi nasema ukweli hata kama unauma. Namba alitoa mwenyewe, alipe mwenyewe. Kikoba ni hela za watu.

kijana_wa_Kihesa:
Mzee shikamoo. Nakuelewa, ila aliyeomba alikuwa na jina na picha ya mama mchungaji. Angeanzaje kumwambia mama mchungaji "thibitisha kwanza"?

Wakili wa Kijiweni:
Hapo ndipo wanapotupatia. Hawavunji simu, wanatumia heshima na haraka. Ukishaona vyote viwili kwenye meseji moja, mtu unayemheshimu na muda unaokwisha, weka simu chini kwanza.

Sheria: ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kujifanya mtu mwingine ni kosa, kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa, hata kusambaza meseji ambazo watu hawakuziomba imo humo. Nendeni polisi mchukue RB, namba ya taarifa yenu. Lakini mwende na ushahidi, na ushahidi wenu hauko kwa shangazi, uko kwenye simu za wanakikundi. Wapige picha za skrini za ile meseji ya grupu namba ikionekana, na wahifadhi meseji za miamala. Wasifute grupu kwa hasira.

Meseji za kawaida za kitapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" na za mwenye nyumba usiyemjua, zirushwe 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama zilivyo, mtaulizwa namba iliyotuma. Watu wengi wanazifuta tu wakicheka.

Binti Likoni:
Poleni sana ndugu zetu. Huku Mombasa hali ni hiyo hiyo. Kwa Safaricom ukituma pesa kimakosa unapeleka ile meseji ya M-PESA kwa 456, na za ulaghai unapeleka 333. Lakini kwenye chama chetu cha akiba, kilichotusaidia si namba hizo. Tulikataa pesa kuingia kwa simu ya mtu. Zinaingia kwa akaunti ya kikundi, na kutoa lazima waidhinishe zaidi ya mmoja. Tangu hapo ukisikia "tumeni kwa namba hii" unajua ni uongo, hata ikisemwa na mwenyekiti mwenyewe.

Mama Wakala Tabata:
Huku pia akaunti za kikundi zipo, mfano M-Koba ya Vodacom. Ila wenye vitochi wafundishwe taratibu, msiwakimbize.

kijana_wa_Kihesa:
Mrejesho. Waliotuma wamepiga 100. Ya mmoja imekutwa bado imo, imezuiwa, ya yule wa laki na nusu ilishatolewa. RB tunayo. Admini mwenzake amemtoa shangazi kwenye grupu kwa muda. Nashukuru Mungu walikuwa maadmini wawili, angekuwa peke yake tapeli angewatoa wote akabaki na grupu lake.

Katibu alipiga simu ya WhatsApp kwa shangazi jana usiku kuuliza kama ni kweli, ikapokelewa na mtu anakohoa kohoa, ikakatwa.

Fundi Mabibo:
Hilo waambie wanakikundi wote! Kuuliza kwa WhatsApp ni kumuuliza mwizi. Mnapiga laini ya kawaida, ile ya vocha. Na hata hapo hakikisheni simu zake hazijaelekezwa kwenye namba nyingine, kuna wengine wanadanganywa kubonyeza *21* na namba ya mtu, simu zao zote zinahamia huko. Kufuta ni ##002#.

Mzee Mtulivu:
Marahaba kijana. Nimewasoma. Basi waigawane hiyo laki na nusu wanakikundi wote, kisha waandike kwenye katiba: namba ya kupokelea haibadilishwi kwa meseji, inabadilishwa kikaoni watu wakionana. Hili nalisema kama mwenyekiti wa kikundi, nimeyaona.

kijana_wa_Kihesa:
Ahsante mzee, kikao ni Jumapili baada ya ibada, nitalipeleka kama lilivyo. Fundi, siku 7 zikiisha nifanye nini kwanza?

Fundi Mabibo:
Ingia, na kabla ya kusalimia mtu weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti. Angalia vifaa vilivyounganishwa, usichokijua toa. Ukiweka ile namba ya siri itakuomba pia barua pepe ya kuirudishia ikisahaulika. Iwe ya shangazi mwenyewe, isiwe ya yule kijana wa duka la simu aliyemfungulia.