Kadi ya askari isiyomwibia mtu: shemeji kashinda kihalali au nimepigwa?

Mlalamikaji
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba jibu kabla ya saa moja jioni, maana kuna chipsi kuku za watu wanne zinasubiri nizilipie.

Tulikuwa tunacheza Catan: mimi, mke wangu, mdogo wake na jirani. Kwa wasioijua, mnajenga barabara, vijiji na miji kisiwani, mnarusha dadu mbili, namba ikitoka wenye vijiji kwenye eneo la namba hiyo wanavuna. Wa kwanza kufika pointi 10 kashinda. Nilikuwa na 9, mbili kati ya hizo za Jeshi Kubwa, tuzo ya aliyecheza kadi nyingi zaidi za askari; mimi nilikuwa na 3. Shemeji alikuwa na 8, naye ana askari 3 mezani.

Zamu ikamfikia. Hata dadu hajazigusa, akalaza askari wa nne. Akamtoa mwizi, kile kipande kinachozuia eneo lisivunwe, kwenye shamba langu la ngano, akampeleka jangwani. Pale jangwani hapapakani na kijiji cha mtu isipokuwa chake mwenyewe, kwa hiyo hakumwibia yeyote. Kisha akanyoosha mkono, akachukua Jeshi Kubwa mbele yangu. "Shem, nina kumi."

Hoja yangu: askari kazi yake ni kuiba. Kama hakuna wa kuibiwa kadi haina kazi, na kadi isiyo na kazi haichezwi. Halafu dadu hazijarushwa, zamu imeanzaje? Mke wangu kasimama na ndugu yake, kama kawaida.

DaduMbili
Lipa mkuu.

Mlalamikaji
Bila maelezo silipi.

DaduMbili
Haya. Kadi ya maendeleo, kama huyo askari, unaruhusiwa kuicheza hata kabla ya kurusha dadu, moja tu kwa zamu, mradi hukuinunua zamu hiyo hiyo. Yeye alikuwa hajarusha, kwa hiyo hakuwa amenunua kitu. Ni kadi ya siku nyingi, aliikalia tu. Amri ya askari ni kumhamisha mwizi kwenda eneo jingine. Hiyo ndiyo lazima. Kuiba kunafuata kama penye eneo jipya kuna mwenzako mwenye kadi mkononi, la sivyo mambo yanaishia hapo. Jangwa ni eneo kama mengine. Askari anahesabiwa, wanne wanawapita watatu, wewe unashuka hadi 7, yeye anafika 10 ndani ya zamu yake. Mchezo umekwisha, dadu za nini tena?

Angemwacha mwizi palepale ungekuwa na kesi.

Mama Wawili
Mimi nilishawahi kucheza ile kadi ya ukiritimba, unataja mali moja wote wanakupa walizonazo. Nikataja sufu kwa sauti ya mamlaka kabisa. Meza nzima hakuna mwenye sufu hata moja! Nikaomba kuirudisha mkononi, wakakataa, na walikuwa sahihi. Ukishaicheza imechezwa, ilete kitu isilete.

Kitakwimu
Kwenye D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi) ni hivyo hivyo. Kwa kanuni za 2014, mchawi akimtupia elf, kiumbe wa hadithi, uchawi wa usingizi, hasinzii, maana wale uchawi hauwalazi. Lakini nafasi ya mchawi ya kutupa uchawi imeshatumika, hairudi kwa kuwa umeshindwa. Kutumia uwezo ni jambo moja, uwezo kufanya kazi ni jingine.

Mzee wa Bao
Nyie vijana mnahangaika na dadu, kwenye bao hili lilishamalizwa. Ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mwenzako, unakula, ni lazima. Huna, unatakata, yaani unasambaza kete bila kula. Hakuna aliyewahi kusema kutakata si kucheza, na wengi wamefungwa na mtu aliyetakata kwa akili.

DaduMbili
@Mzee wa Bao shikamoo. Umemaliza.

Nanga
Nina swali kwa mleta mada. Mwizi alifikaje kwenye ngano yako?

Mlalamikaji
Shemeji huyo huyo, kwa askari wake wa tatu. Alikaa pale raundi kama nne, saba, namba inayomhamisha mwizi, haikutoka hata mara moja.

Nanga
Basi hapo ndipo uliposhindwa, zamu ya mwisho usiilaumu. Kadi ya maendeleo inanunuliwa kwa ngano, sufu na madini, moja moja. Alikufungia ngano ukashindwa kununua, na ndani ya kadi 25 askari ni 14, zaidi ya nusu. Mtu ana askari 3 mezani na kadi iliyofunikwa mkononi, ungekuwa unabadilishana na jirani hata kwa hasara upate ngano moja. Pia hiyo kadi unayosema haikufanya kitu ilikufungulia shamba lako. Aliyefaidika na mwizi kuondoka ni wewe, ila ulichelewa.

Mama Wawili
😂😂 Kamfungulia shamba kisha kamfunga.

Mlalamikaji
Sawa, nimekubali. Nimemuuliza kwa nini jangwani wakati angeweza kumhamishia mwizi kwenye eneo langu jingine na kuniibia kadi juu yake. Anasema aliona aibu kumwibia shemeji yake mbele ya dada yake.

Chipsi zimeagizwa. Yeye kaongeza mishikaki miwili, anasema ni ya askari wa nne.